Rivasi inakwaruza, fundi anasema giaboksi imekufa: nikope ninunue nyingine?

Ndugu Fundi,

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Lushoto. Kiinua mgongo changu nilikinunulia Hiace ya dizeli, ya manuali, inayobeba abiria kati ya Lushoto na Korogwe. Dereva ni mwanangu, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu akiwa darasa la tatu. Gari hilo ndilo linalotulisha sote wawili.

Miezi mitatu sasa, kila asubuhi akiwasha na kuweka rivasi atoke uani, linatoa mlio wa krrrr ambao hata nikiwa jikoni nausikia. Mwanzoni ilikuwa mara mojamoja. Sasa ni kila siku, na gia namba moja nayo imeanza kukataa. Yeye amegundua kwamba akikanyaga klachi mara mbili tatu harakaharaka, gia inaingia. Injini ikiwa imezimwa gia zote zinaingia laini, nimejaribu mwenyewe. Na ananiambia wakiwa mwendoni, ya pili, ya tatu na ya nne hazimsumbui.

Kuna jingine. Akiachia klachi kuondoka kituoni, kitu kinagonga chini ya sakafu, kap, mara moja, kisha kinanyamaza. Wakishateremka Mombo na kushika barabara kuu, gari likifika mwendo wa 60 hadi 70 linatetemeka mpaka abiria wa viti vya katikati wanauliza kuna nini. Ila kupanda kutoka Mombo kuja Soni, hata likiwa limejaa, linavuta kama zamani.

Nilimpelekea fundi. Aliliendesha mita kama 200, akarudi, akasema giaboksi imekufa, sinkronaiza zimekwisha. Anayo ya mtumba kwa shilingi 1,200,000, na kazi yake 150,000. Anataka nusu kabla ya mwisho wa wiki. Sina hiyo hela, itabidi nikope kwenye kikoba.

Linaloniuma zaidi ni kwamba alisema mbele za watu, "Mama, dereva wako hajui kubadili gia." Nikamgombeza kijana palepale, nikamwambia gari nitampa mtu mwingine. Wiki iliyopita ndipo nikajua kuwa konda amekuwa akiongeza mafuta kwenye kichupa cha klachi karibu kila wiki, na hakuna aliyeniambia. Kijana tangu siku ile akirudi jioni anaweka hesabu mezani na kwenda kulala. Haongei.

Nifanye nini?

Mama wa Hiace, Lushoto

*

Mama, shikamoo.

Usikope, na hiyo nusu usiilipe. Giaboksi isishushwe mpaka yafanyike majaribio nitakayokueleza hapa, ambayo mengi hayafungui hata nati moja. Na kuanzia leo gari lisipakie abiria. Sababu ya hilo haihusu rivasi, inahusu ule mlio wa kap, na nitaufikia.

Naanza na rivasi kwa sababu ndiyo inayotaka kukutoa milioni. Umeniandikia mambo manne ambayo fundi wako, kwa mita zake 200, hakuyapa nafasi. Injini ikizimwa gia zinaingia laini. Klachi ikipampiwa gia inaingia. Mwendoni gia hazisumbui. Na kichupa cha klachi kinapungua kila wiki. Hili la mwisho lingetosha peke yake kunifanya niinamie chini ya gari kabla ya kusema neno lolote kuhusu giaboksi.

Sinkronaiza kazi yake ni kulinganisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana, gari likiwa linatembea. Zikiisha, utasikia mkwaruzo dereva anaposhuka kutoka ya nne kwenda ya tatu, au ya tatu kwenda ya pili, na mara nyingi ni gia moja maalumu inayolalamika kuliko wenzake. Kijana wako anasema hizo ndizo zisizomsumbua. Rivasi kwenye giaboksi nyingi za manuali haina sinkronaiza kabisa. Meno yake yanasukumwa moja kwa moja kwenye meno mengine, yakitegemea kwamba kila kitu ndani kimesimama. Ndiyo maana rivasi huwa ya kwanza kupiga kelele klachi inapoanza kushindwa kazi, na ndiyo maana mlio wa rivasi peke yake hauwezi kuwa ushahidi kwamba sinkronaiza zimekwisha.

Klachi inafanyaje kazi? Kati ya injini na giaboksi kuna pleti iliyobanwa kama mkate katikati ya viganja viwili: upande mmoja flaiwili, gurudumu zito linalozunguka na injini, upande wa pili presha pleti. Ukikanyaga pedeli, silinda ya juu inasukuma mafuta, yaleyale ya breki, kwenye bomba jembamba, yanafika kwenye silinda ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Hiyo ya chini inatoa kijiti kinachosukuma uma, uma unasukuma rilizi beringi, ile inayokandamiza vidole vya presha pleti, na presha pleti inaachia. Pleti ikiwa huru, shafti ya kuingilia kwenye giaboksi inapunguza mwendo na kusimama ndani ya sekunde chache. Sasa fikiria raba ndani ya silinda imelika na mafuta yanapita pembeni. Kijiti kitatoka, lakini kifupi. Presha pleti itaachia nusu. Shafti itaendelea kuburuzwa na injini, na hapo hata ukiwa dereva wa miaka 30 rivasi itakwaruza. Akipampu mara mbili tatu anaongeza mafuta kwenye bomba, kijiti kinatoka zaidi, gia inaingia. Kijana wako amekuwa akifanya kitu cha akili kabisa bila kufundishwa.

Asubuhi kunakuwa kubaya zaidi kwa sababu usiku kucha mafuta yamevuja na upepo umeingia mahali pake. Oili ya giaboksi nayo kwenye baridi ya Lushoto inakuwa nzito kidogo, inazidi kuburuza.

Kwa hiyo mwambie fundi yeyote utakayemtumia afunue kile kiraba kilichokunjwakunjwa mwishoni mwa silinda ya chini. Aingize kidole. Kikitoka kimelowa maji meusi yenye harufu ya mafuta ya breki, umepata. Kama ni kikavu, mwende ndani ya gari, muinue zulia karibu na pedeli ya klachi na kutazama pale kijiti cha pedeli kinapoingia kwenye silinda ya juu, maana huko nako kunavuja, tena kwa kujificha. Kisha mtu mmoja akanyage klachi mpaka chini na kuishikilia, mwingine aangalie kile kijiti kinachosukuma uma. Kinatakiwa kitoke na kibaki pale pale. Kikitoka kisha kikaanza kurudi polepole huku mguu bado uko chini, raba inapitisha ndani kwa ndani hata kama nje hakuna tone.

Jaribio lingine ni la kusikiliza. Gari limesimama mahali tambarare, handibreki imevutwa, injini inanguruma taratibu. Akanyage klachi, ahesabu mpaka kumi, kisha aweke rivasi. Halafu atoe, aachie, akanyage tena na safari hii aweke baada ya sekunde mbili tu. Klachi nzima, kusubiri kunasaidia, kwa kuwa shafti imepata muda wa kusimama. Kama baada ya kusubiri kumi bado inakwaruza, au inakwaruza zaidi, basi pleti haiachii.

Dawa yake ni raba mpya za silinda, au silinda yenyewe kama ukuta wake wa ndani umechimbika, kisha kutoa upepo na kuweka mafuta mapya ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kichupa. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na ile milioni na laki mbili. Asimwage humo oili ya injini wala haidroliki ya pawa stiringi, hata kidogo, hata njiani mkiwa mmekwama. Oili hizo zinavimbisha raba. Na mkague kama kichupa cha klachi kwenye gari lako kinachangia mafuta na breki, kwa sababu kwenye magari mengine ni kimoja. Kama ndivyo, kupungua kwake kila wiki hakukuwa jambo la konda kulimaliza kimyakimya. Ile barabara ya Lushoto kwenda Mombo ni kilomita zipatazo 33 na inashuka karibu mita 1,000, upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa. Yeyote anayeongeza mafuta ya breki kwenye gari la njia ile lazima mwenye gari ajue siku hiyohiyo.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimewahi kulikosea. Miaka yangu ya mwanzo gereji tuliletewa Canter ya mzee mmoja wa mahindi, rivasi inakwaruza vilevile. Nilishusha giaboksi, tukafunga nyingine ya mtumba, kazi ya siku mbili. Jioni nikawasha, nikaweka rivasi. Krrr. Giaboksi mpya, mlio uleule. Nilipofunua kiraba cha silinda ya chini, mafuta yalinitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Yule mzee alikuwa ameuza ng'ombe. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sijashusha giaboksi ya mtu bila kugusa silinda kwanza.

Sasa, simtukani fundi wako. Inawezekana kukawa na shida ndani ya giaboksi pia, na namna ya kujua ipo. Injini ikiwa inawaka na gia iko frii, asikilize mguu ukiwa umeachia klachi. Kukiwa na mvumo wa uuuu unaotoka chini, akanyage klachi mpaka mwisho. Mvumo ukipotea, beringi ya shafti ya kuingilia inalia, na hiyo kweli iko ndani ya giaboksi. Mambo yakiwa kinyume, yaani kimya mguu ukiwa juu na kelele ya kusaga inaanza mguu unaposhuka, hiyo ni rilizi beringi, sehemu ya klachi.

Shahidi mkubwa kuliko wote ni oili. Afungue kizibo cha chini cha giaboksi injini ikiwa na joto, amwagie kwenye beseni safi, na wewe uwepo. Vizibo vingi vina sumaku. Kukiwa na tope laini la kijivu mfano wa uji wa ulezi, ni uchakavu wa kawaida, usiogope. Ukiona vumbi linalometameta kwa rangi ya shaba, hapo sinkronaiza kweli zinalika, maana pete zake kwenye giaboksi nyingi ni za shaba. Ukiona chembe za chuma zinazochoma kidole, au kipande cha jino, basi fundi alikuwa na haki na tutazungumza habari ya giaboksi. Na kiasi cha oili kitazamwe. Giaboksi iliyoishiwa oili hufa bila kosa la dereva. Ya kujazia iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa sababu ile inayofaa difu, yaani gia za kati ya magurudumu ya nyuma, si kila giaboksi inaipenda; kuna viungo ndani yake vinavyokula shaba.

Na kama silinda zote mbili ni nzima, oili ni safi, lakini rivasi bado inakwaruza? Hapo pleti imepinda, au vidole vya presha pleti vimechoka. Giaboksi itashushwa, ila kwa ajili ya kufikia klachi, kisha irudishwe ileile. Siku hiyo ibadilishwe pleti, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja, maana kazi kubwa ni kushusha, na hutaki kuilipia mara mbili. Ila sioni dalili kali ya huko. Umesema kupanda Soni linavuta likiwa limejaa. Pleti iliyokwisha ingeteleza pale pale kwenye kona za Soni: injini inapandisha resi, gari halipandi, na harufu ya kuungua inajaa ndani.

Sasa ule mlio wa kap.

Hiyo kap na huo mtetemo wa 60 hadi 70 havihusiani na rivasi hata kidogo. Ni ugonjwa wa pili, na fundi aliyeuchanganya na wa kwanza amenitia wasiwasi kuliko kwa lile la sinkronaiza. Ninaishuku propela, ile shafti ndefu inayotoa nguvu kwenye giaboksi kupeleka difu nyuma. Kwenye viungo vyake kuna krosi, msalaba mdogo wa chuma wenye vikombe vinne vilivyojaa sindano nyembamba za chuma. Propela ikiwa ya vipande viwili, katikati inaning'inizwa na senta beringi iliyovishwa raba. Sindano zikikauka grisi zinasagika, nafasi inaongezeka, na kila nguvu inapoingia ghafla krosi inapiga upande mmoja. Kap. Raba ya senta beringi ikichanika, shafti inacheza kama kamba ya kuruka watoto, na mtetemo unaanza kwenye mwendo fulani uleule kila siku.

Krosi ikikatika gari likiwa linashuka, propela inaachia. Injini haishiki tena magurudumu, gia ya pili aliyokuwa anajizuia nayo haina kazi, na uzito wote wa watu unabaki juu ya breki peke yake. Shafti yenyewe inaweza kupiga bomba za breki ikiwa inazunguka. Mama, ndiyo maana nimesema abiria wasipande. Najua siku tatu bila hesabu zina maana gani nyumbani kwako.

Kuipima hakuhitaji mashine. Gari mahali tambarare, injini imezimwa, mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, gia frii. Fundi aingie chini, ashike propela kwa mikono miwili, mkono mmoja kila upande wa krosi, azungushe huku na huku. Pande hizo mbili zinatakiwa ziende pamoja. Kama moja inaanza na nyingine inachelewa, hata kwa upana wa ukucha, krosi imekwisha. Atazame kando ya vikombe: unga mwekundu wa kutu ni sindano zilizosagika zinazotoka nje. Kisha asukume shafti juu na chini penye senta beringi, atazame kama raba imechanika. Kama pande zote mbili za krosi zinaenda pamoja lakini shafti nzima ina nafasi kidogo kabla ya kugota, hiyo nafasi ni ya difu, na kidogo ni kawaida.

Akifungua propela, kabla ya nati ya kwanza apige alama ya rangi kwenye flanji, kile kisahani inapofungwa propela, na kwenye shafti, ili irudi ilivyokuwa. Ikirudi imegeuzwa, utakuwa na krosi mpya na mtetemo wa zamani. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu inachukua nusu dakika na haionekani kwenye bili.

Ukienda kwa fundi, yuleyule au mwingine, huna haja ya kubishana naye. Mwambie neno moja, nionyeshe. Nionyeshe silinda, nionyeshe kizibo, nionyeshe krosi. Anayeijua kazi atafurahi kuonyesha, na spea ya zamani atakuachia uondoke nayo mfukoni.

Kuhusu kijana. Katika yote uliyoniandikia sioni mahali dereva alipoharibu. Raba ya klachi inachoka kwa umri na kwa mafuta ya breki yasiyobadilishwa, maana mafuta hayo hunyonya unyevu na kuchimba silinda taratibu. Mafundi wengi wanashauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Krosi inakauka kwa kukosa grisi. Tabia moja tu ya dereva inayofaa kuulizwa, tena kwa upole, ni kama anapumzisha mguu juu ya pedeli akiwa anaendesha, kwa sababu hiyo inamaliza rilizi beringi. Yeye ndiye aliyeona kwamba kupampu kunasaidia, na ndiye aliyekueleza kwa usahihi gia zipi zinasumbua na zipi hazisumbui. Bila maelezo yake nisingeweza kukuandikia haya. Aligombezwa mbele za watu kwa neno la mtu asiyefunua hata kiraba. Mwite, umwambie ulikosea, na mpe hii barua aisome mwenyewe.

Majaribio ya klachi yanataka gari lililolala baridi, kwa hiyo yafanyeni alfajiri, kabla halijawashwa kwa mara ya kwanza. Kidole, zulia na kijiti kwanza, injini ikiwa bado imezimwa. Kuwasha na kusikiliza kufuate baadaye. Yeye akae kwenye kiti chake akanyage pedeli, fundi awe chini, na wewe ushike tochi.